Mstari wa Shamba na Mkono Ulioupiga

Imekuwa desturi siku hizi, kila yanapofanywa maonyesho ya picha vyuoni, kukuta ukutani picha zilizofanana kama watoto wa mama mmoja. Hii ni ya matuta ya mihogo yaliyokwenda sambamba hata ukingo wa picha. Ile ni ya fito za nyumba ambayo haijakandikwa. Nyingine ni ya paa la makuti lililopigwa kwa karibu mno hata mtazamaji asitambue mara moja kuwa ni paa. Nyingine tena ni ya ua wa mabua na kivuli chake juu ya mchanga. Mtu hamna, au akiwamo amegeuza mgongo. Mbingu haimo. Kilichomo ni mistari, na nakshi ifanywayo na mistari hiyo inapokutana na kuachana. Watu husimama, husifu, kisha hupita. Lakini hapakosi mmoja, aghalabu mtu mzima aliyekulia shamba, aulizaye: "Na hii nayo ni picha ya nini?"

Swali hilo lastahili jibu la heshima. Wapo wanaolijibu kwa kusema kwamba picha za namna hii ni tupu, kwa sababu hazisimulii habari ya mtu wala ya tukio. Wapo wanaolijibu kwa kusema kwamba uzuri wa mstari watosha, na kwamba atakaye habari na akasome gazeti. Naona pande zote mbili zimejikwaa penye jiwe moja. Zote zauchukua mstari wa shamba kuwa ni umbo tu, kama mstari uliopigwa kwa rula juu ya karatasi. Rai yangu ni kwamba mstari wa shamba ni alama ya mkono uliofanya kazi kwa sababu fulani, na kwamba picha yake ni njema kwa kadiri inavyomwezesha mtazamaji kuusoma mkono ule na sababu ile.

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanaifahamu kesi hii kwa jina jingine. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alieleza jinsi vina na mizani vinavyolishika shairi lisimame. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa diwani yake ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata sheria hizo, na ubishi ukawaka baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Ubishi ule ulikuwa mkali. Hata hivyo sijaona mshairi wa maana, wa upande wowote, aliyedai kwamba vina vitupu visivyobeba neno ni ushairi wa kutosha. Mshororo wa shairi hupimwa kwa mizani yake na kwa kile uliochosema. Mstari wa picha nao wastahili kipimo kama hicho.

Kwanza yatupasa kuelewa jinsi picha hizi zinavyofanywa. Mpiga picha atakaye mistari hufanya mambo matatu. Hungoja jua la asubuhi au la jioni, linapolala chini na kukipa kila kinundu cha ardhi kivuli kirefu. Saa sita mchana matuta yale yale huonekana kama uwanja uliosawazishwa. Hukata kando: mbingu, njia, mti wa pekee, na kila kitu ambacho kingemwambia mtazamaji yuko wapi na kitu hiki kina ukubwa gani. Tena hutegemea udhaifu wa kamera yenyewe, kwani kamera ina jicho moja, na jicho moja halipimi umbali vizuri. Kilicho mbali na kilicho karibu hulala pamoja juu ya karatasi, na mlima ukawa kama kitambaa. Kwa njia hizo kitu cha matumizi huvuliwa matumizi yake, kikabaki umbo. Hapo ndipo uzuri huzaliwa, na hapo hapo ndipo hatari ilipo.

Tazama paa la makuti. Kila kuti hufungwa likalalia lile la chini yake ili maji ya mvua yateremke bila kupenya. Kwa hiyo kila mstari tuuonao katika picha ni ukingo wa kuti moja, na nafasi iliyo baina ya mstari na mstari ni hesabu ya fundi: akibana sana atamaliza makuti kabla ya kumaliza paa, akiachia sana nyumba itavuja. Au tazama mkeka. Ukili husukwa kwanza, kisha hushonwa ukingo kwa ukingo hata mkeka utimie, na nakshi yake hutoka katika chane za miyaa zilizotiwa rangi, ambazo msukaji huzipitisha juu na chini kwa kuhesabu kimoyomoyo. Nakshi na uimara wa mkeka hutoka katika kazi moja. Picha ya mkeka iliyoficha mshono imeficha nusu ya nakshi yenyewe.

Tukitaka kuona jambo hili likifanywa vizuri, yafaa tumwendee mmoja wa waliolianzisha. Paul Strand alizaliwa New York mwaka 1890, na shuleni alifundishwa kamera na Lewis Hine, yule aliyepiga picha za watoto waliotumikishwa viwandani Marekani. Katika majira ya joto ya mwaka 1916, kule Twin Lakes katika jimbo la Connecticut, Strand alipiga picha za mabakuli ya jikoni, na picha ya meza iliyoangukiwa na vivuli vya ukingo wa baraza. Katika picha hiyo ya baraza vivuli vimekuwa mistari ya mshazari, meza imekuwa pande la duara, na macho hayajui juu ni wapi na chini ni wapi. Ni zoezi la mwanafunzi mwenye akili nyingi, aliyekuwa akijifunza kwa wachoraji wapya wa Ulaya namna picha inavyojengwa. Nasema ni zoezi, na sisemi kwa dharau. Kila mshairi ana madaftari ya mazoezi.

Mwaka ule ule, huko Port Kent, jimbo la New York, alipiga picha ya uzio mweupe wa mbao. Alfred Stieglitz aliichapisha katika toleo la mwisho la jarida lake Camera Work, mwaka 1917. Uzio umekata picha kutoka upande hadi upande, mweupe kabisa mbele ya uwanja wenye giza, na nyuma yake yaonekana majengo ya shamba. Kwa mara ya kwanza mtu huona mapigo tu: ubao, nafasi, ubao, nafasi, kama ngoma. Akikaa nayo kidogo, aona kwamba mapigo hayalingani. Mbao hazikusimama wima zote, na nafasi zake si sawa. Yuko mtu aliyeupigilia uzio ule kwa mkono, ziko baridi na mvua zilizoupinda, na Strand hakungoja mpaka upakwe rangi na kunyoshwa. Aliuacha na makosa yake. Naona hapa ndipo picha inapokuwa zaidi ya zoezi, kwa sababu kutolingana kule kwatupa mlango wa kumwingilia mwenye uzio, ingawa uso wake hatuuoni.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1936, Walker Evans alikwenda pamoja na mwandishi James Agee katika wilaya ya Hale, jimbo la Alabama, wakaishi wiki kadhaa karibu na familia tatu za wakulima wa pamba waliolima ardhi ya wengine na kugawana mavuno na wenye ardhi. Kitabu chao kilitoka mwaka 1941. Picha moja ya Evans yaonyesha ukuta wa jikoni tu. Ni mbao zisizopakwa rangi, na mistari ya maungio yake. Kipande chembamba cha ubao kimepigiliwa ukutani, na nyuma yake vimechomekwa vijiko, uma na visu. Mpangilio wake ni mzuri kama wa mchoraji. Lakini uzuri huo waleta swali ambalo mtu hawezi kulikwepa: kwa nini vyombo vya kulia vimechomekwa ukutani? Na jibu limo ndani ya picha: kwa sababu hamna kabati. Aliyevipanga vile alikuwa mtu wa utaratibu katika nyumba isiyo na kitu. Mstari mmoja wa ubao watuambia umaskini na heshima kwa pamoja.

Evans aliziweka picha zake mwanzoni mwa kitabu bila maneno chini yake. Aliamini kwamba jicho lililofunzwa litasoma. Kwa ukuta ule ninakubaliana naye, kwani kijiko ni kijiko kila mahali, na kila aliyekula ajua kazi yake. Lakini si kila mstari wasomeka hivyo, na hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe, kwani ndilo lililonifundisha haya niyasemayo.

Nilipokuwa mwanafunzi, miaka zaidi ya ishirini iliyopita, niliazima kamera nikaenda nayo kwetu Uluguru, upande wa Matombo. Jioni moja, jua likiwa limelala, niliona ng'ambo ya bonde mteremko wenye majani mafupi, na juu ya mteremko ule mistari hafifu, mmoja juu ya mwingine, ikiufuata mlima kama mikunjo ya shuka. Asubuhi yake nilikuwa nimepita pale nisione kitu. Nikapiga. Katika kuitengeneza picha kwa maonyesho ya chuo nilipata taabu moja: upande wa kulia mistari ilikatika ghafla, na toka pale mlima ulikuwa mtupu. Nikaona kwamba mkatiko ule waharibu nakshi. Nikaukata upande ule, picha ikajaa mistari toka ukingo hadi ukingo, nikaipa jina la "Mlima Unaandika". Ilisifiwa, nami sikukataa sifa.

Likizo iliyofuata nilimpelekea bibi yangu, mama yake mama, nakala ndogo niliyopewa na duka la kusafishia picha, ambayo haikukatwa. Aliishika mbali na macho, akaigeuza, akairudisha.

"Mjukuu wangu," aliniuliza, "katika mlima wote huu hukuona cha kupiga ila ngazi za Bwana Shamba?"

"Ngazi gani, bibi?"

"Hizi. Tulizichimba kwa amri. Mlima huu una ngozi nyembamba, tukauchuna. Udongo mwekundu ukaja juu, mahindi yakatoka kama nywele za mgonjwa."

Nikamwonyesha upande wa kulia, mahali mistari ilipokatika, nikamwuliza kwa nini.

"Hapo ndipo tulipoacha," akasema. "Ule mwaka wa fujo. Hakuna aliyerudi kuchimba."

Habari aliyokuwa akiitaja imo katika vitabu vya historia. Tangu mwaka 1950 Serikali ya kikoloni iliendesha katika milima ya Uluguru mpango wa matumizi ya ardhi, kwa hofu ya mmomonyoko wa udongo na kuharibika kwa mito iteremkayo tambarare. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko, na waliokaidi walishitakiwa. Kwa sehemu kubwa ya upande wa mashariki udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba juu. Kuchimba ngazi kulifukua udongo wa chini usiozaa na kuufukia ule uzaao. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, polisi wakapiga risasi, na mpango ule ukavunjika. Kwa upande wa magharibi, kule Mgeta, ambako watu walikuwa na maji ya mifereji na walilima mboga za kuuza, ngazi zilikubalika zaidi, na zingalipo zinatumika. Mstari ule ule uliwalisha wa upande mmoja wa mlima na kuwanyima wa upande mwingine, na kamera yangu isingeweza kutofautisha.

Nimeitafakari sana picha ile. Sikusema uongo wowote ndani yake. Kila mstari ulikuwapo. Lakini nilipoukata upande wa kulia niliondoa mahali pekee ambapo mkono wa mtu ulionekana ukikataa. Nilifanya kwa ajili ya nakshi jambo ambalo Bwana Shamba alishindwa kulifanya kwa amri: niliujaza mlima ngazi hata mwisho. Na jina nililoipa lilikuwa kosa la pili, kwani mlima haukuandika neno. Walioandika ni watu, nao waliandikishwa.

Kwa sababu hiyo siwezi kuzitazama kwa moyo mwepesi picha za Mario Giacomelli, ingawa naziheshimu kuliko za wengi. Giacomelli alizaliwa Senigallia, Italia, mwaka 1925, katika familia maskini, akaishi na kufa huko huko mwaka 2000, akifanya kazi ya kuchapa. Kwa miaka mingi alipiga picha za mashamba ya vilima vya mkoa wake wa Marche, akiyatazama toka juu, bila mbingu, kwa weusi mzito na weupe ukatao macho, hata mifuo ya jembe ikaonekana kama mikunjo ya kiganja cha mzee. Mtu aliyezaliwa mahali pale ndiye awezaye kuona hivyo. Lakini inajulikana pia kwamba wakati mwingine aliwaomba wakulima wenye matrekta wapitishe mistari aliyoitaka yeye, ili picha ikae vizuri.

Je, alikosea? Naona yatupasa tujibu kwa uangalifu. Giacomelli aliomba, hakuamrisha. Mkulima aliweza kukataa, wala hakuna aliyefungwa kwa kukataa. Tena picha zake nyingi ni malalamiko juu ya ardhi iliyochoshwa na mashine, na alama aliyoiagiza aliitumia kama mwandishi atumiavyo tashihisi. Juu ya hayo yote, mstari ulioagizwa na jicho hauna kile nilichokiona katika uzio wa Port Kent. Nikiuuliza mfuo ule sababu yake, hunijibu kwa sauti ya mpiga picha peke yake. Mkulima aliyeupitisha amekuwa kalamu. Na mtu akishazoea kuiona ardhi kama karatasi na mkulima kama kalamu, amekwisha kuingia katika njia ambayo Bwana Shamba wa Uluguru aliipita kabla yake, akiwa na vipimo vyake na nia yake njema.

Itaulizwa: Basi mpiga picha afanyeje? Hawezi kumchukua bibi wa kila mtu akamsimamishe kando ya kila picha. Nakubali. Lakini mfano uko, na ni wa Strand mwenyewe alipokuwa mtu mzima. Mwaka 1955 alitoa pamoja na Cesare Zavattini kitabu cha picha za Luzzara, kijiji cha bonde la mto Po alikozaliwa Zavattini. Humo yule bwana wa vivuli vya baraza hakuiacha mistari: kuta, milango na zana za kazi zimo, zimepigwa kwa ustadi ule ule wa mwaka 1916. Ila sasa zimekaa jirani na nyuso za wenyewe, na Zavattini ameweka kando yake maneno ya wanakijiji wakisema habari zao. Strand alifuata njia hiyo hiyo ya kuchanganya nyuso, vitu na maneno hata Ghana, alikopiga picha mwaka 1963 na 1964 wakati wa Rais Nkrumah, katika kitabu alichoandikiwa maneno na Basil Davidson na kutolewa mwaka 1976. Mtu akivisoma vitabu hivi haoni kwamba umbo limepungua nguvu kwa kuwekewa jirani. Huona kwamba limepata mwenyewe.

Kwa wanafunzi wetu wanaozipenda picha hizi, nami sitaki waziache, ninayo maswali matatu tu, ambayo mhakiki pia aweza kuyatumia mbele ya ukuta wa maonyesho. La kwanza: ni nani aliyeupiga mstari huu? La pili: aliupiga kwa sababu gani, na sababu hiyo ilikuwa yake au ya mwingine? La tatu: mstari huu wapinda au wakatika wapi, na mpiga picha amepafanya nini mahali hapo? Hilo la tatu ndilo kubwa. Tuta lipindalo lapinda kwa sababu ya kisiki au jiwe; fito iliyo nene kuliko wenzake iliwekwa usiku mvua ikikaribia; ukili uliobadilika rangi katikati ya mkeka wasema kwamba miyaa ilikwisha. Mpiga picha mwenye haraka hupaona mahali hapo kuwa ni doa, akapakata. Huko ndiko walikojificha wale watu ambao yule mzee wa maonyesho alikuwa akiwatafuta alipouliza kuwa ni picha ya nini.

Picha yangu ya Matombo ninayo hata leo. Ile iliyosifiwa nimeiweka kabatini. Iliyo ukutani mwa ofisi yangu ni ile nakala ndogo yenye upande wake wa kulia, na chini yake nimeandika mwaka, mahali, na yale maneno ya bibi kuhusu ngozi ya mlima. Wanafunzi wakija kunidai maksi zao huitazama, na karibu kila mmoja husema kwamba ingekuwa nzuri zaidi kama mistari ingefika mwisho. Hapo humwambia avute kiti.